Mwambata wa Ubalozi wa China huwa balozi lini, na kwa njia gani?

SWALI: Nasoma uhusiano wa kimataifa, mwaka wa tatu, hapa Dar es Salaam. Kwenye kongamano nilizungumza na ofisa kijana wa Ubalozi wa China. Kadi yake inasema ni mwambata, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha baadhi yetu. Mtu kama huyu huajiriwaje? Itamchukua miaka mingapi kuwa balozi? Kiswahili kitamfikisha huko? Na mbona kila ukizoeana na mmoja wao, anahamishwa?

JIBU: Nianze na la miaka. Mambo yakimwendea vizuri, ofisa huyo, ambaye kama mwambata yuko daraja la chini kabisa la kidiplomasia, atapewa ubalozi wake wa kwanza akikaribia miaka 50 au akiwa ameivuka kidogo, yaani baada ya miaka 20 hadi 25 hivi kazini, na huenda ukawa wa nchi ndogo. Wengi walioajiriwa pamoja naye hawatafika hapo. Watastaafu wakiwa washauri au manaibu konseli mkuu mahali fulani. Ila hesabu hiyo haitakufaa sana usipojua jambo ambalo wanaoutazama ubalozi kwa nje hulikosa: mwanadiplomasia wa China hupandia cheo Beijing. Ubalozini anatumwa tu, kisha anarudi. Ukitaka kujua mtu anaelekea wapi, usihesabu nchi alizokaa. Ulizia akirudi nyumbani huwekwa idara gani, na kwenye dawati la nani.

Sasa mlango wa kuingilia. Mlango mkuu ni mtihani wa taifa wa utumishi wa umma, maarufu kama guokao. Usajili hufanyika Oktoba, na mtihani wa maandishi mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba. Kuna karatasi mbili, kila moja alama 100. Ya kwanza ni ya dakika 120: maswali ya kuchagua ya lugha, hesabu, mantiki, kusoma majedwali ya takwimu na maarifa ya jumla, tena ni zaidi ya mia moja, kwa hiyo kila swali lina kama dakika moja tu. Ya pili ni insha ya dakika 180. Mtahiniwa hupewa rundo la maandishi kuhusu tatizo la kisera, ayafupishe, apendekeze hatua, kisha aandike hoja ndefu kwa lugha ya kiserikali. Kwa miaka mingi ukomo wa umri ulikuwa 35. Usajili wa Oktoba 2025 ulipandisha ukomo huo hadi 38, na 43 kwa wahitimu wapya wa uzamili na uzamivu. Hata hivyo nafasi nyingi za Wizara ya Mambo ya Nje huwalenga wahitimu wapya, kwa hiyo mwenye miaka 36 asijipe moyo sana.

Guokao ni chujio la kwanza tu. Wizara ina mitihani yake ya lugha na ya fani, kisha usaili, kisha uchunguzi wa afya, na mwisho upekuzi wa kisiasa, ambao humgusa mwombaji, wazazi wake na watu wake wa karibu. Wanafunzi hodari wa lugha hukwama zaidi kwenye ile karatasi ya dakika 120. Mtu amekaa miaka minne akijifunza Kiarabu au Kiswahili, hesabu ameziacha sekondari, na pale anaambiwa akokotoe asilimia za ukuaji kwa sekunde 50. Wanaojua mtego huo huanza kujifua tangu mwaka wa tatu wa chuo.

Kuna pia masharti ya sheria. Sheria ya wanadiplomasia wanaofanya kazi nje ilipitishwa tarehe 31 Oktoba 2009 na kuanza kutumika 1 Januari 2010. Inataka mtu awe raia wa China, awe ametimiza miaka 23, awe na afya na moyo wa kustahimili maisha ya ugenini, na awe na lugha na ujuzi wa kazi. Halafu inawafungia mlango watu wa aina fulani: aliyewahi kuadhibiwa kwa jinai, aliyefukuzwa utumishi wa umma, mwenye kibali cha ukaazi wa muda mrefu au wa kudumu katika nchi nyingine, na, hili watu wengi hawalijui, mwenye mume au mke aliye raia wa kigeni au mwenye kibali cha aina hiyo. Kwa hiyo binti yetu anayeota kuolewa na mwambata huyo ajue kwamba mmoja wao ataacha kitu, na kwa sheria ilivyo, kitakachoachwa ni kazi ya nje.

Huyo wa kwako mwenye Kiswahili bila shaka alipita kwenye vyuo vya lugha. China ilianza kufundisha Kiswahili chuoni mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati uleule Redio Beijing ilipofungua idhaa yake ya Kiswahili, tarehe 1 Septemba 1961. Vyuo viwili vya zamani kwa Kiswahili viko Beijing: Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing, na kile kilichoitwa Chuo cha Utangazaji, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Mawasiliano cha China. Siku hizi vyuo vingine vimejiunga, kikiwemo kimoja cha Shanghai. Madarasa ni madogo, na wanafunzi wengi hupitisha kipindi cha masomo Tanzania Bara, Zanzibar au Kenya. Ndiyo maana unasikia lafudhi ya kwenu. Chuo kingine cha kukijua ni Chuo Kikuu cha Mambo ya Nje cha China, kilichoanzishwa 1955 na kilicho chini ya wizara yenyewe. Hicho hutoa zaidi watu wa Kiingereza, Kifaransa, sheria ya kimataifa na diplomasia.

Akishaajiriwa, mwaka wa kwanza ni wa majaribio, kama kwa mtumishi yeyote mpya wa serikali ya China. Anapewa mafunzo ya awali, kisha anapangiwa idara. Neno hilo la kupangiwa lizingatie. Hachagui. Anaweza kueleza angependa nini, lakini uamuzi ni wa idara ya utumishi na Chama cha Kikomunisti. Aliyesoma Kiswahili huelekezwa Idara ya Afrika, inayosimamia nchi za Afrika kusini mwa Sahara; Misri, Libya, Tunisia, Algeria na Morocco ziko Idara ya Asia Magharibi na Afrika Kaskazini. Ndani ya idara kuna vitengo, na kila kitengo kina nchi zake. Kijana anakabidhiwa nchi moja au mbili, anasoma taarifa zinazotoka ubalozini, anaandaa muhtasari wa mazungumzo kwa ajili ya wakubwa, anapanga ziara, anahakiki majina na vyeo vya wageni, anabeba mizigo.

Hapa ndipo jibu la swali lako la Kiswahili lilipo. Wizara ina Idara ya Ukalimani na Tafsiri, lakini hiyo hushughulika hasa na Kiingereza na Kifaransa. Lugha nyingine zote hutegemea watu waliomo ndani ya idara za kanda. Maana yake, mwenye Kiswahili hawi mkalimani wa kudumu mwenye ngazi yake maalumu. Ni ofisa wa Idara ya Afrika anayejua Kiswahili, na siku ujumbe wa chama au bunge ukija kutoka Dodoma, anaitwa akalimani, kisha anarudi dawatini. Kazi ya kila siku, yaani hati, simu, mikutano ya kimataifa na hotuba za balozi, inakwenda kwa Kiingereza au Kifaransa. Kiswahili kilimpatia ajira, na kitampatia kituo cha kwanza au viwili. Baada ya hapo, Kiingereza chake kikiwa dhaifu atakwama kwenye daraja la Katibu wa Pili huku mwenzake asiyejua hata kusema habari gani akimpita. Wanaoendelea ni wale wanaotumia miaka yao mitano ya mwanzo kuinua lugha ya pili hadi waweze kuandika taarifa bila kusahihishwa.

Idara ya Ukalimani nayo ina njia yake, na ni njia yenye heshima kubwa. Wapya hupitishwa miezi ya mazoezi makali ya kusikiliza, kuandika kwa alama na kurudia, na wachache ndio hubaki. Ukitaka kuona zao la mazoezi hayo, tafuta picha za mkutano wa China na Marekani uliofanyika Alaska Machi 2021. Yang Jiechi, kiongozi wa ujumbe wa China, alisema kwa takriban robo saa mfululizo bila kumpa mkalimani nafasi, kisha mkalimani Zhang Jing akayatoa yote kwa Kiingereza akitumia daftari lake tu. Na Yang mwenyewe alianzia hapohapo. Alipelekwa Uingereza kusoma mwaka 1973, akawa mkalimani, na baadaye akawa balozi Washington kuanzia 2001, waziri kuanzia 2007 na mjumbe wa Ofisi ya Siasa (Politburo), kundi dogo la viongozi wa juu wa chama, mwaka 2017. Mkalimani huketi karibu na viongozi wakubwa miaka mingi, na viongozi humjua kwa jina. Ofisa wa dawati la nchi ndogo hana bahati hiyo.

Ngazi zenyewe zinachanganya kwa sababu ni mbili zinazokwenda sambamba. Ya kwanza ni daraja la kidiplomasia. Sheria ya 2009 inataja saba, kutoka chini: mwambata, Katibu wa Tatu, Katibu wa Pili, Katibu wa Kwanza, mshauri, waziri (hili ni daraja la ubalozini, si waziri wa baraza la mawaziri) na balozi. Ya pili ni wadhifa wa kiutawala wa Beijing: ofisa, naibu mkuu wa kitengo, mkuu wa kitengo, naibu mkurugenzi mkuu wa idara, mkurugenzi mkuu, waziri msaidizi, naibu waziri, waziri. Hii ya pili ndiyo inayobeba uzito. Mkuu wa kitengo akitumwa nje hutoka akiwa Katibu wa Kwanza au mshauri. Naibu mkurugenzi mkuu hutoka akiwa mshauri wa juu au naibu wa balozi kwenye ubalozi mkubwa, au balozi kamili kwenye nchi ndogo. Mkurugenzi mkuu hutoka akiwa balozi.

Kwa hiyo neno balozi kwenye kadi halikuambii mtu ana ukubwa gani Beijing. Balozi wa Washington, Moscow, London, Tokyo, New Delhi, Brasilia au Pyongyang huwa na ngazi ya naibu waziri. Hali kadhalika mwakilishi wa kudumu Umoja wa Mataifa, New York. Balozi wa nchi nyingi za Afrika ana ngazi ya idara, na kwa mambo mengi hawezi kusema ndiyo wala hapana kabla mkurugenzi mkuu wa Idara ya Afrika hajasaini. Chuo chenu kikiomba jambo kubwa ubalozini, atakayeandika rasimu ya jibu ni ofisa wa dawati la Tanzania kule Beijing, umri wake sawa na wa rafiki yako, wala hamtamwona.

Tazama watu halisi uone mzunguko unavyokwenda. Wu Peng alikuwa balozi Sierra Leone, akaja Nairobi, na kabla Wakenya hawajamzoea akaitwa nyumbani mwaka 2019 kuwa mkurugenzi mkuu wa Idara ya Afrika. Alikaa hapo hadi 2024, kisha akatumwa Afrika Kusini kama balozi. Lin Songtian aliyemtangulia Pretoria miaka michache nyuma alipita njia inayofanana: balozi Liberia na Malawi, kisha mkurugenzi mkuu wa Idara ya Afrika, kisha Afrika Kusini, na mwisho mwenyekiti wa jumuiya ya China ya urafiki na nchi za nje. Kiti cha Beijing katikati ndicho kilichowapeleka kwenye ubalozi mkubwa.

Wang Yi ni mfano wa juu kabisa. Alizaliwa 1953, ujana wake akaupitisha miaka minane kwenye kikosi cha ujenzi na kilimo huko Heilongjiang, kaskazini mashariki mwa China, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, akaingia chuo 1978 kusoma Kijapani. Mwaka 1982 akajiunga na Idara ya Asia, tayari ana miaka 28 au 29. Alikaa ubalozi wa Tokyo 1989 hadi 1994. Mwaka 1995 akawa mkurugenzi mkuu wa Idara ya Asia, 1998 waziri msaidizi, 2001 naibu waziri. Ubalozi wake wa kwanza na wa pekee, Japani, aliupata 2004, akiwa tayari naibu waziri. Kisha 2008 akatolewa nje ya wizara kabisa kwenda kuongoza Ofisi ya Mambo ya Taiwan, na 2013 akarudi kama waziri. Mtu aliyesoma lugha moja, akashika kanda moja, akapanda kwa dawati la kanda hiyo.

Kupanda haraka nako kuna hatari yake. Qin Gang aliingia wizarani 1992, akawa msemaji, akaongoza itifaki, akawa naibu waziri, akapelekwa Washington Julai 2021 bila kuwahi kuwa balozi mahali pengine, na 30 Desemba 2022 akateuliwa waziri. Baada ya 25 Juni 2023 hakuonekana tena hadharani. Tarehe 25 Julai Kamati ya Kudumu ya Bunge la Umma ilimwondoa na kumrudisha Wang Yi. Sababu haikutangazwa. Zhao Lijian, msemaji aliyejulikana dunia nzima kwa ukali wake mitandaoni, Januari 2023 alihamishiwa Idara ya Mipaka na Bahari kama naibu mkurugenzi mkuu. Kwa karatasi cheo ni kilekile. Kipaza sauti ndicho alichonyang'anywa, na kila aliyeko wizarani alielewa.

Nirudi kwa kijana wako na siku zake za ubalozini, maana huko ndiko anakopimwa. Chukua kazi moja: kumbukumbu za mkutano. Balozi anakwenda kuonana na katibu mkuu wa wizara. Upande wa China wanaketi watu wanne, na kijana yuko mwisho wa meza na daftari. Hasemi neno. Jioni hiyohiyo anatakiwa awe na rasimu: nani kasema nini, kwa mpangilio uleule, takwimu na tarehe zimehakikiwa, ahadi imetenganishwa na maneno ya heshima. Mwenyeji akisema "tutaliangalia", haandiki "wamekubali". Maoni yake hayamo humo kabisa. Tathmini ni sehemu nyingine, na huandikwa na mkubwa. Rasimu inapita kwa Katibu wa Kwanza, kwa mshauri, kwa balozi, ndipo inakwenda Beijing. Makosa yanayomharibia mtu ni yale ambayo kwetu yangechekewa: cheo cha mgeni kimekosewa, majina mawili yamepishana katika itifaki, neno la waziri limekolezwa ili taarifa ionekane tamu. La mwisho ndilo baya zaidi, kwa sababu Beijing wakijenga hatua juu ya ahadi ambayo haikutolewa, lawama inarudi kwa aliyeandika.

Na kuna Taiwan. Ratiba ya kongamano lenu ikiwa na orodha ambamo Taiwan imeandikwa kama nchi ya peke yake kando ya China, ambayo huihesabu kuwa sehemu yake, ofisa huyo hatakaa kitini kana kwamba hajaona. Atawataka msahihishe, au ataondoka na ubalozi utaandika barua, hata kama moyoni anajua ni kosa la mchapaji. Akikaa kimya na picha ikasambaa, faili lake litakuwa na doa. Hakikini ramani na orodha kabla ya kuwaalika, mtakuwa mmemsaidia sana.

Nidhamu hii ina mizizi. Zhou Enlai, waziri wa kwanza wa mambo ya nje, aliwataka wanadiplomasia wake wawe kama jeshi la ukombozi lililovaa kiraia, na kwa kweli mabalozi kadhaa wa mwanzo walikuwa makamanda wa vita. Geng Biao, aliyekwenda Sweden mwaka 1950, ni mmoja wao. Zhou aliacha masharti manne yanayorudiwa hadi leo: simama imara katika msimamo, ijue sera, imudu kazi, shika nidhamu. Ona kwamba umahiri wa kazi umewekwa wa tatu. Aliongeza kwamba katika diplomasia hakuna jambo dogo, na kwamba mamlaka aliyopewa mwanadiplomasia yana mpaka. Kwa hiyo ukimuuliza mwambata maoni yake kuhusu deni la reli akakujibu kwa sentensi uliyokwisha kuisoma kwenye tovuti ya ubalozi, usidhani anakudharau. Hana ruhusa ya kuwa na sentensi nyingine. Na akija kukutana nawe akiwa na mwenzake, usishangae. Kwenda wawili ni desturi ya zamani.

Chama kiko juu ya hayo yote. Ubalozini kuna kamati ya Chama cha Kikomunisti, na balozi kwa kawaida ndiye katibu wake. Wizarani, mwaka 2019 katibu wa chama aliteuliwa Qi Yu, aliyetoka idara ya chama inayosimamia makada na ambaye hakuwahi kuwa mwanadiplomasia. Tangu hapo anayetaka kupanda anajua kwamba tathmini ya mwaka inaangalia utii kwa jicho kali kama inavyoangalia kazi.

Kabla sijasahau, kadi yenyewe isome kwa uangalifu. Si kila aliye ubalozini ni wa Wizara ya Mambo ya Nje. Ofisi ya uchumi na biashara ni watu wa Wizara ya Biashara, wana mlango wao na ngazi yao, na Katibu wa Kwanza wa huko hatarajiwi kuwa balozi. Neno mwambata pia lina mtego. Likiwa peke yake ni daraja la chini kabisa, kama la rafiki yako. Likiwa mwambata wa kijeshi, mbele yako yuko ofisa mwandamizi wa jeshi. Wageni humketisha wa pili mahali pa wa kwanza, na hilo halisahauliki upesi.

Kuhamishwa kwao ni utaratibu, wala si dalili ya kosa. Kipindi cha kituo kimoja ni miaka mitatu hadi minne hivi. Mtu hurudi Beijing miaka kadhaa, hutoka tena, hurudi tena. China ina ofisi zaidi ya 270 za kibalozi na kikonseli duniani, na ina uhusiano na nchi 53 za Afrika, zote isipokuwa Eswatini, kwa hiyo gurudumu haliwezi kusimama kumngoja mtu mmoja azoee. Ziko sababu nyingine ambazo hazisemwi kwa sauti: serikali haitaki ofisa aanze kuitetea nchi alikotumwa kuliko nchi yake, na vituo vigumu ni lazima vizungushwe ili asiwepo anayezeekea humo. Gharama hulipwa na familia. Mke au mume anaweza kufuatana naye na sheria inamtambua, lakini huacha kazi yake nyumbani. Watoto wakifika umri wa mitihani mikubwa mara nyingi hubaki kwa babu na bibi. Katikati ya miaka ya thelathini ndipo wengi huacha kazi, wengine wakienda kwenye makampuni ambako lugha yao hulipwa vizuri zaidi.

Kwa anayebaki hadi ubalozi, hatua za mwisho ni hizi. Chama na wizara humchagua. China huomba kwa siri idhini ya nchi mwenyeji, kama Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia unavyotaka, na nchi hiyo inaweza kukataa bila kueleza. Kamati ya Kudumu ya Bunge la Umma huamua uteuzi, Rais humtuma, na yeye huja kukabidhi hati za utambulisho Ikulu. Umri wa kustaafu ulikuwa 60 kwa wanaume na 55 kwa makada wa kike. Tangu 1 Januari 2025 unasogezwa polepole hadi 63 na 58 katika muda wa miaka 15. Wenye ngazi ya naibu waziri hukaa zaidi kidogo. Wengine hupewa ujumbe maalumu, au kiti kwenye taasisi za utafiti na jumuiya za urafiki.

Rafiki yako, basi, usimhesabu kama mtu aliyepita. Wenye Kiswahili huwa na nafasi nzuri ya kurudi kanda hii, akiwa Katibu wa Pili Nairobi, pengine mshauri Dar es Salaam miaka kumi na kitu ijayo, na kati ya hapo atakuwa kwenye dawati ambalo barua zenu hupitia. Muulize mapema anamaliza mwezi gani na nani anapokea kazi yake, umwombe akutambulishe kwa huyo kabla hajafunga mizigo, kwa sababu muda wa kupokezana huwa mfupi na orodha ya majina anayoachiwa mgeni haitoshi. Namba yake ya hapa itazimwa. Ya WeChat ndiyo huwa haibadiliki.